Jina na Namba: Ubadilishaji Salama wa Aina Orodheshwa kuwa Namba Kamili, na Funzo Lake kwa Isimu ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mwanaisimu anayeandika kwamba nomino "kitabu" imo katika ngeli ya 7 hakusudii kusema kwamba kitabu ni kikubwa kuliko mti, ambao umo katika ngeli ya 3, wala kwamba kitabu kimezidi mti kwa nne. Namba 7 katika matumizi hayo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Kila msomaji wa sarufi za Kibantu analifahamu jambo hilo bila kuambiwa. Kompyuta hailifahamu. Kwake yeye 7 ni 7: inaweza kujumlishwa, kugawanywa, kulinganishwa na umri wa mtu au kuchanganywa na idadi ya mifuko ya saruji, na matokeo yake yakapokelewa bila swali lolote.

Mhadhara huu unahusu mpaka uliopo kati ya jina na namba, na namna ya kuuvuka kwa usalama. Wataalamu wa programu wameushughulikia mpaka huo kwa muda mrefu, hasa wale wanaotumia lugha za programu zinazojengwa juu ya fanksheni, yaani kanuni zinazopokea kitu kimoja na kutoa kingine bila kubadilisha chochote pembeni. Hoja kuu ni kwamba safari ya kutoka kwenye jina kwenda kwenye namba na safari ya kurudi si safari moja iliyogeuzwa. Ya kwanza inaweza kuahidiwa kwa kila jina. Ya pili haiwezi kuahidiwa kwa kila namba, na fanksheni inayoiahidi huwa inasema uongo. Itaonyeshwa kwamba Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili, na kwamba anayeshughulika na ngeli za nomino ana sababu ya kulijali.

2.0 Orodha zilizomo ndani ya lugha

2.1 Siku za juma

Majina ya siku katika Kiswahili ni orodha yenye namba ndani yake. Jumamosi ina mosi, Jumapili ina pili, Jumatatu ina tatu, Jumanne ina nne, Jumatano ina tano. Hesabu inaanza siku inayofuata Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa sala. Mtu asiyeijua lugha angetarajia Jumasita baada ya Jumatano. Badala yake hukutana na Alhamisi, neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo asili yake ni tano vilevile, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao Jumapili. Hivyo siku mbili zinazofuatana zote zimebeba tano, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu. Ijumaa, kwa upande wake, haina namba kabisa.

Ikiwa mtu angetunga kanuni isemayo "chukua namba iliyomo ndani ya jina la siku", kanuni hiyo ingekuwa na kasoro tatu kwa mpigo. Kwanza, majina mawili yangepata namba moja, kwa hiyo aliyeshika 5 asingejua arudi Jumatano au Alhamisi. Pili, jina moja, Ijumaa, lisingepata namba. Tatu, 6 na 7 zingebaki bila jina ingawa siku za juma ni saba. Waswahili hawajawahi kutaabika kwa sababu hiyo, kwani wao hutumia jina, na namba iliyomo ndani yake ni historia tu. Taabu huanza pale jina linapoachwa na namba kubaki peke yake.

Namba 3, kwa mfano, humaanisha Jumatatu kwa anayehesabu kwa Kiswahili. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, ambacho huanza na Jumatatu kama 1, hiyohiyo 3 ni Jumatano. Katika maktaba ya kawaida ya lugha ya C, Jumapili ni 0, na kwa hiyo Jumapili ileile ambayo ISO huiita 7 na Kiswahili hukiita cha pili, hapo ni sifuri. Mafaili matatu yanaweza kuwa na tarakimu zilezile na kuzungumzia siku tofauti, na hakuna mashine itakayogundua kwa kuziangalia tarakimu pekee.

2.2 Miezi ya mfunguo

Mfano wa pili ni wa miezi ya Kiislamu kama inavyoitwa katika mwambao. Mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, ingawa wengine hutamka Mfungo, na hesabu huendelea hadi Mfunguo Tisa. Baada ya hapo huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani, ambayo hayana namba. Shawwal, mwezi wa 10 katika kalenda ya Kiislamu, ndio Mfunguo Mosi. Muharram, mwezi wa kwanza, ni Mfunguo Nne. Mwezi wa 3, unaosomwa Maulidi, ni Mfunguo Sita.

Kanuni ya kubadilisha hesabu moja kuwa nyingine inaonekana nyepesi: ongeza 3, na jumla ikizidi 12 ondoa 12. Shawwal hutoa 10 na 3, yaani 13, na baada ya kuondoa 12 hubaki 1. Hesabu ni sahihi. Lakini kanuni hiyohiyo ikipewa Rajabu, mwezi wa 7, hutoa 10, na katika Kiswahili hakuna Mfunguo Kumi. Hesabu haikukosea hata kidogo. Iliyokosekana ni kauli ya lugha. Kumi imo ndani ya kipimo cha miezi kumi na miwili, na bado haina jina katika mfululizo huu. Jambo hili litakumbukwa mbele, kwa sababu linafanana sana na lile la ngeli.

3.0 Aina orodheshwa katika lugha za programu

Katika lugha nyingi za programu, mwandishi anaweza kutangaza aina mpya ya vitu kwa kuorodhesha majina ya vitu vyote vilivyomo. Aina hiyo hapa itaitwa aina orodheshwa. Siku ni moja kati ya saba hizi. Ngeli ni moja kati ya hizi. Njeo ni moja kati ya hizi. Niklaus Wirth aliziweka aina za namna hii katika lugha ya Pascal, iliyochapishwa mwaka 1970. Pascal ilikuwa na fanksheni iitwayo ord, iliyotoa nafasi ya kila jina katika orodha yake, ikianzia 0. Inafaa kuzingatia kwamba Pascal sanifu haikuwa na fanksheni ya jumla ya kurudi kutoka kwenye namba hadi kwenye jina lolote lililoorodheshwa. Mlango wa kwenda ulikuwepo, wa kurudi haukufunguliwa.

Lugha ya C ilichukua mkondo mwingine. Ndani yake jina lililoorodheshwa ni namba kamili tangu mwanzo, na kigeu kilichotangazwa kuwa cha siku kinaweza kupewa 42 bila pingamizi. Uhuru huo una faida kwa anayeandika mifumo iliyo karibu na mashine, lakini una gharama: orodha haimlindi tena aliyeiandika.

Lugha ya Haskell, iliyopewa jina la mwanamantiki wa Marekani Haskell Curry, ilianza kubuniwa na kamati iliyoundwa mwaka 1987, na ripoti yake ya kwanza ikatoka mwaka 1990. Humo jina lililoorodheshwa si namba. Anayetaka namba hana budi kuiomba waziwazi, na kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine, hukataa mchanganyiko wowote usioombwa. Kwa kuomba, mwandishi hutumia fanksheni mbili: fromEnum, inayotoka kwenye jina kwenda kwenye namba, na toEnum, inayorudi. Akitaka, kompaila humtungia zote mbili kwa kufuata mpangilio wa majina kutoka kushoto kwenda kulia, la kwanza likipewa 0.

4.0 Safari mbili zisizolingana

Fanksheni ya kwanza ni timilifu. Orodha ina majina yenye kikomo, kila jina lina nafasi yake, na kila swali lina jibu. Fanksheni ya pili ni pungufu. Namba kamili ni nyingi mno kuliko majina ya orodha yoyote ya kawaida. Siku saba zikipewa 0 hadi 6, namba 7 haina pa kwenda, wala 200, wala namba yoyote iliyo chini ya sifuri. Hata hivyo tamko la toEnum linasema kwamba ikipewa namba itatoa jina. Ni ahadi isiyoweza kutimizwa. Fanksheni iliyotungwa na kompaila ikipewa namba isiyo na jina, programu hukatika papo hapo, mara nyingi mbele ya mtumiaji asiyehusika na kosa hilo.

Njia za kuikabili hali hii ni tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kukatika. Ya pili ni ya kuzunguka: baada ya jina la mwisho, hesabu inarudi kwenye la kwanza. Maktaba ya muda ya Haskell imefanya hivyo kwa siku za juma. Jumatatu ni 1, Jumapili ni 7, na 8 hurudi kuwa Jumatatu. Uamuzi huo una mantiki kwa sababu juma lenyewe huzunguka. Ungekuwa upuuzi kwa ngeli, kwani baada ya ngeli ya mwisho hakuna anayerudi kwenye ngeli ya mtu.

Njia ya tatu ni ya ukweli. Tamko la fanksheni hubadilishwa ili liseme: "ukinipa namba, huenda nikakupa jina, huenda nisikupe." Haskell ina aina maalumu ya jibu la namna hiyo, iitwayo Maybe. Jibu huja likiwa limefungwa: ama ndani yake mna jina, ama mna tamko kwamba hakuna. Aliyepokea jibu hawezi kulitumia kama jina kabla ya kulifungua, na hawezi kulifungua bila kueleza afanye nini iwapo hakuna kitu. Wajibu wa kufikiria hali mbaya unahamishwa kutoka kwa mtumiaji, ambaye hana habari, kwenda kwa mwandishi, ambaye ana nafasi ya kuamua. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wameiona faida hiyo kabla ya kompyuta.

5.0 Ngeli za nomino na mwanya wa 12 na 13

5.1 Namba zilikotoka

Desturi ya kuzitaja ngeli za lugha za Kibantu kwa namba ilijengwa na Wilhelm Bleek katika sarufi yake linganishi iliyotoka kwa sehemu mbili, mwaka 1862 na 1869, kisha ikaendelezwa na Carl Meinhof kuanzia mwaka 1899. Lengo lilikuwa kulinganisha lugha. Kiambishi cha Kiswahili na cha Kizulu huweza kutofautiana kwa sauti, lakini vikipewa namba moja msomaji huelewa kwamba asili yake inadhaniwa kuwa moja. Ndiyo maana namba hizi zina maana kwa familia nzima ya lugha, na si kwa lugha moja peke yake.

Matokeo yake ni kwamba lugha moja inaweza kukosa baadhi ya namba. Kiswahili sanifu kina ngeli ya 1 hadi 11, kisha 14 ya nomino kama "uhuru", 15 ya "kusoma", na 16, 17 na 18 za mahali. Namba 12 na 13, ambazo kwa desturi ya leo ni za udogishaji kwa viambishi ka- na tu-, hazimo. Kikikuyu kinazo. Kwa hesabu hii Kiswahili sanifu kina ngeli 16, lakini namba kubwa kuliko zote ni 18.

5.2 Mtego wa mipaka

Hapa ndipo ushauri wa kawaida wa usalama unaposhindwa. Waandishi wengi wa programu, wakitaka kurudi salama kutoka kwenye namba, huangalia kwanza kama namba imo kati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Ikiwa imo, huendelea. Ikiwa haimo, hutoa jibu la hakuna. Kwa orodha isiyo na mwanya, ukaguzi huo unatosha. Kwa ngeli za Kiswahili hautoshi. Namba 12 ni kubwa kuliko 1 na ndogo kuliko 18. Inapita langoni kwa heshima zote, kisha inafika ndani na kukuta hakuna jina linaloisubiri. Ni Mfunguo Kumi kwa mara nyingine.

5.3 Mtego wa mpangilio

Mtego mwingine humpata anayeiachia kompaila itoe namba. Kompaila ikizipanga ngeli 16 kuanzia 0, ngeli ya 1 itakuwa 0, ngeli ya 11 itakuwa 10, na ngeli ya 14 itakuwa 11. Namba hizo za ndani hazina uhusiano na zile za wanaisimu, na maadamu zinabaki ndani hakuna ubaya. Ubaya huja zinapoandikwa katika faili.

Na ichukuliwe kwamba mtafiti amehifadhi maelfu ya nomino kwa namba hizo za ndani, na "uhuru" ikaandikwa 11. Baada ya mwaka mmoja mtafiti mwenzake anataka programu ihudumie pia Kiswahili cha Lubumbashi, ambako "katoto" na "tutoto" ni maneno ya kila siku. Anaongeza ngeli ya 12 na ya 13 mahali pake panapostahili, baina ya 11 na 14. Programu inakubaliwa na kompaila bila lawama. Lakini sasa namba ya ndani ya 11 ni ya ngeli ya 12, na ngeli ya 14 imesogea hadi 13. Faili la zamani likisomwa, "uhuru" inakuwa nomino ya udogishaji, na nomino ya ngeli ya 16 ya mahali, iliyoandikwa 13, inasomwa kuwa ya ngeli ya 14. Hakuna tarakimu iliyoharibika. Maana ndiyo iliyohama chini ya tarakimu.

5.4 Mtego wa mifumo mingi

Shuleni wanafunzi hufundishwa ngeli kwa upatanisho: A-WA, LI-YA, KI-VI, U-I, I-ZI na nyinginezo. Wengine huzitaja kwa viambishi vya nomino: M-WA, M-MI, JI-MA, KI-VI. Anayehesabu jozi kwa mpangilio huo wa pili huifikia KI-VI ikiwa ya nne. Anayehesabu umoja na wingi mbalimbali huikuta kuwa 7 na 8, na kwake 4 ni ngeli ya "miti". Data za watu hao wawili zikiunganishwa bila jina la mfumo, 4 ya mmoja itafasiriwa kwa kanuni ya mwingine, na programu ya kuzalisha sentensi itaandika "Vitabu imeanguka" kwa imani ileile inayoandikia sentensi sahihi.

Kuna pia suala la 11 na 14. Katika Kiswahili sanifu upatanisho wake katika umoja ni mmoja: "ukuta umeanguka", "uhuru umepatikana". Wapo wanaoziunganisha, na wana hoja. Lakini anayezipa zote namba moja katika data yake ajue kwamba amefunga njia ya kurudi, kama ilivyo kwa tano ya Jumatano na tano ya Alhamisi. Kuunganisha ni rahisi wakati wowote baadaye. Kutenganisha kilichokwisha kuunganishwa huhitaji kuisoma upya kila nomino.

6.0 Kanuni za ubadilishaji salama

Kutokana na mitego hiyo, kanuni nne zinaweza kutolewa. Zimezoeleka miongoni mwa waandishi wa lugha za fanksheni, ingawa hapa zimepangwa kwa mahitaji ya mwanaisimu.

(a) Namba yenye maana nje ya programu iandikwe waziwazi. Mwandishi atunge fanksheni yake mwenyewe inayosema ngeli ya "mtu" ni 1, ya "watu" ni 2, na kuendelea hadi 18, ikiruka 12 na 13. Asitegemee nafasi ya jina katika orodha. Hapo orodha inaweza kupangwa upya bila namba kuhama. Fanksheni ya namna hii ina faida nyingine: orodha ikiongezewa jina jipya, kompaila ikiombwa kukagua utimilifu huonyesha kila mahali ambapo jina hilo halijapewa maelezo.

(b) Safari ya kurudi itokane na safari ya kwenda. Badala ya kuandika kwa mkono orodha ya pili isemayo 1 ni ya "mtu" na 2 ni ya "watu", programu ichukue majina yote, iyapitishe katika fanksheni ya kwanza, na itengeneze jedwali la jozi za namba na jina. Kurudi ni kutafuta katika jedwali hilo. Mwanya hauleti tatizo, kwa kuwa 12 haimo katika jedwali na jibu lake ni hakuna. Orodha mbili zilizoandikwa kwa mkono huanza zikiwa pacha na huishia zikiwa wageni.

(c) Sheria ya mzunguko ijaribiwe. Kila jina likipelekwa kwenye namba na kurudishwa, lazima lirudi lenyewe. Kwa kuwa majina yana kikomo, jaribio linaweza kufanywa kwa yote bila kubakiza. Majina mawili yakiwa yamepewa namba moja kwa bahati mbaya, jaribio hili huyafichua mara moja.

(d) Namba ya ngeli ifunikwe kwa aina yake yenyewe. Haskell humruhusu mwandishi kuifunga namba kamili ndani ya jina jipya la aina, ili namba ya ngeli isichanganywe na namba ya ukurasa. Ngeli mbili haziwezi tena kujumlishwa, kwa sababu hakuna aliyesema kujumlisha kwake kuna maana gani.

7.0 Yanayowahusu wanaisimu

Mwanafunzi wa isimu anaweza kuuliza kama mambo haya si ya mafundi. Mifano miwili inaonyesha kwamba wanaisimu wamo ndani yake tayari.

Wa kwanza ni wa sarufi zinazoandikwa kwa mfumo wa Grammatical Framework, ulioanzishwa na Aarne Ranta mwaka 1998 na ambao wenyewe ni lugha ya fanksheni iliyotengenezwa kwa Haskell. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizoandikiwa sarufi humo. Mwandishi wa sarufi hutangaza ngeli, umoja na wingi, nafsi na njeo kuwa aina orodheshwa, na jedwali la maumbo halikubaliki mpaka kila jina lipate umbo lake. Kompaila inapoigeuza sarufi kuwa umbo jepesi la kutumiwa na mashine, majina hayo huweza kugeuzwa kuwa namba na majedwali kuwa safu zinazosomwa kwa namba hizo. Mwanaisimu hazioni. Yeye husoma na kuandika jina; namba hufanya kazi chini ya sakafu, na huzaliwa upya kila sarufi inapotafsiriwa. Huo ni mgawanyo mzuri wa kazi.

Wa pili ni wa kopasi. Katika Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, nomino huwekewa alama kama 1/2 au 9/10 pamoja na alama ya umoja au wingi. Mkwaju uliomo kati ya tarakimu unatangaza kwamba hii ni lebo na si kiasi. Wanaochunguza lugha kama Kizulu huandika pia ngeli ya 1a na 2a, na hakuna namba kamili inayoitwa 1a. Anayeingiza alama hizo katika programu kwa kuzilazimisha ziwe namba ama atakwama, ama, vibaya zaidi, ataipoteza a na kuendelea.

Jambo zito zaidi ni la wasemaji. Programu ya kusahihisha tahajia inapokutana na "tutoto", huwa na chaguo. Ikiwa iliandikwa kwa ahadi ya uongo, itakatika au italibandika neno hilo kwenye ngeli isiyo yake. Ikiwa iliandikwa kwa ukweli, itapata jibu la hakuna, na hakuna hiyo ina maana moja tu: neno hili halimo katika orodha iliyotumika. Haina maana kwamba msemaji wa Lubumbashi, au kijana wa Nairobi asemaye "katoto", amekosea lugha. Mtu ndiye anayepaswa kuamua kama orodha iongezwe, au kama programu iseme wazi kwamba inahudumia Kiswahili sanifu pekee. Pale programu isipoacha nafasi ya jibu la hakuna, uamuzi huo hufanywa na mashine bila mtu kujua kwamba umefanywa, na orodha ya mwandishi mmoja hugeuka kuwa mpaka wa lugha.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeeleza kwamba kulipa jina namba ni jambo linaloweza kufanywa kwa ukamilifu, ilhali kuirudisha namba kwenye jina kunahitaji fanksheni inayokiri kwamba huenda jina halipo. Umeonyesha pia kwamba kukagua mipaka hakutoshi pale orodha inapokuwa na mianya, kama ilivyo kwa ngeli za Kiswahili, na kwamba namba inayotokana na mpangilio wa orodha haifai kuhifadhiwa kama kumbukumbu.

Kwa wanafunzi wanaokusanya data hivi sasa, ushauri unaotokana na hayo ni mfupi. Faili la utafiti lihifadhi jina la ngeli na jina la mfumo uliotumika, na namba itolewe pale tu inapohitajika. Nafasi isiyo na jibu iandikwe kuwa haina jibu. Isijazwe sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni namba na kuna programu itakayoisoma kuwa ngeli ya mtu. Data hizo zitasomwa na watu ambao hawatakuwa na nafasi ya kumuuliza aliyeziandika alikuwa anahesabu kuanzia wapi.